Mutoto wa Kiume Anayetokwa na Mukojo

Mama, mutoto wako wa kiume analowanisha kitanda? Usimupige fimbo, wala usimupatishe haya mbele ya wandugu zake. Kwanza uangalie mukojo wake unatoka namna gani.

1. Anakojoa usiku tu

Katika watoto 100 wa miaka 5, karibu 15 wangali wanakojoa kitandani. Watoto wa kiume ni wengi kupita wa kike. Pengine baba yake alikuwa vilevile. Si uvivu: kibofu hakijakomaa, na usingizi ni muzito. Wengi wanapona polepole.

Fanya hivi:
– Mupe maji ya kutosha muchana, na kidogo tu magaribi. Usimupe chai usiku, hata kama baridi ya Butembo ni kali.
– Akojoe mbele ya kulala.
– Kama choo kinakuwa kigumu, mupe matunda na mboga.
– Akiamuka mukavu, umusifu.

2. Alikuwa ameacha, sasa ameanza tena

Mutoto aliyekimbia vita pande za Beni, ao aliyefiwa na muzazi, anaweza kuanza tena kwa sababu ya woga. Umukaribie, umusikilize. Fimbo inaongeza woga.

Lakini kama anasikia uchungu akikojoa, ao ana homa, mukojo upimwe: pengine kuna mikrobe. Kama anakunywa maji sana, anakojoa sana na anakonda, inaweza kuwa ugonjwa wa sukari. Umupeleke siku ileile.

3. Mukojo unatoka matone matone, muchana na usiku

Hapa usingoje. Watoto wa kiume wengine wanazaliwa na ngozi nyembamba ndani ya njia ya mukojo. Inafunga njia. Kibofu kinajaa, mukojo unarudi nyuma, na mafigo yanaharibika.

Angalia mutoto muchanga ukimubadilisha nguo: mukojo hauna nguvu? Anajikaza? Tumbo chini ya kitovu ni gumu? Homa inarudi kila mara? Umupeleke lupitali. Munganga ataangalia kibofu na mafigo kwa ekografi, ataingiza mupira mudogo ili mukojo utoke, na nyuma atakata ile ngozi kwa operasio. Dawa ya majani haiwezi kufungua njia hiyo.

Maulizo
1. Sababu gani fimbo haiponyeshi mutoto anayekojoa kitandani?
2. Alama gani zinasema: peleka mutoto lupitali leo?
3. Mutoto wako muchanga, mukojo wake unatoka na nguvu? Uangalie leo jioni.