Kona Kali Karibu na Ardhi

Tangu jeti ya madaktari ilipoanguka Mwihoko, upande wa Ruiru, tarehe 7 Agosti 2025, watu 6 wakafariki, wawili kati yao wakiwa ardhini, ndege ikipita chini hapa kwetu darasa zima huchungulia dirishani. Ile ni habari nyingine, siielezi hapa. Nataka kueleza hatari ambayo wengi hawaijui: ndege ndogo yaweza kuanguka kwa sababu ya kona tu, injini ikiwa nzima kabisa.

Matatu ya Thika ikikata kona, magurudumu hushika lami. Angani hakuna lami, bwana! Rubani huilaza ndege upande, na sehemu ya kani ya mabawa iliyokuwa ikivuta juu sasa huvuta pembeni. Inayobaki haitoshi kubeba uzito, basi yeye huvuta usukani kwake ili mabawa yafanye kazi zaidi. Ndege ikilala nyuzi 30, mzigo wa mabawa ni mara 1.15 tu. Nyuzi 60 ni mara 2, yaani rubani wa kilo 70 hujisikia ana kilo 140!

Balaa ni kwamba mwendo wa chini kabisa wa kuibeba ndege nao hupanda. Kama ni kilomita 90 kwa saa ikienda sawa, katika nyuzi 60 ni 127. Mwenye mwendo wa 110 alikuwa salama sasa hivi, na ghafla hayuko salama. Bawa moja huacha kubeba kabla ya jingine, ndege hupinduka na kuzunguka kama pia. Kuitoa hapo huenda kukahitaji mita 300 hivi, na kona ya mwisho kabla ya kutua hukatwa kwenye mita 150 hivi. Hesabu mwenyewe.

Tarehe 14 Mei 1931, huko Voi, ndege ya Denys Finch Hatton iliruka, ikazunguka, kisha ikaporomoka na kuwaka moto. Alikufa pamoja na mtumishi wake Kamau. Ilikuwa chini mno kwa mtu kujiokoa.

Mbona basi rubani akate kona kali? Pengine anamtazama mtu shambani. Pengine upepo wa nyuma umemsukuma akapita mstari wa uwanja, na akiona ardhi inakimbia hudhani ana mwendo wa kutosha, kumbe ni upepo! Huku kwetu, zaidi ya mita 1,500 juu ya bahari, hewa ni nyepesi kuliko ya Mombasa, kwa hiyo kona hupanuka na injini huchoka mapema. Ndiyo maana wanafunzi wa urubani huambiwa wakiwa chini wasipite nyuzi 30, na wakiupita mstari wa uwanja wauache, wapande juu, wazunguke upya.