Mradi ni wa Nani? Malizeni Hilo Kabla ya Kuchimba Mtaro

Bomba likipasuka, kanisa linasubiri serikali ya kijiji, serikali ya kijiji inasubiri kanisa, na kina mama wanarudi bondeni na ndoo zao. Kama parokia au usharika wenu, Iringa au Mbeya, unataka kushirikiana na kijiji kuleta maji ya mserereko, malizeni kwanza swali la mwenye mradi.

Limalizwe kwenye mkutano mkuu wa kijiji. Mkutano huo ni wa kila mkazi mwenye miaka 18 na kuendelea: Mlutheri, Mmoraviani, Mkatoliki, Mwislamu na asiyesali popote. Mchungaji au padri aende kwa mwenyekiti na mtendaji, aombe ajenda, na siku ikifika akae na wananchi wenzake. Uamuzi uingie kwenye muhtasari, kwa sababu wilayani watauomba.

Kanisa huku linasikilizwa. Wamoraviani wapo Rungwe tangu 1891, Wakonsolata wapo Iringa tangu 1919. Tangazo la Jumapili asubuhi, jioni limeshafika kitongoji cha mwisho. Tumieni sauti hiyo kuwaita watu, ila msiamue kwa niaba yao. Na makubaliano yawe ya maandishi: Hospitali ya Tosamaganga ni ya Jimbo Katoliki la Iringa, lakini inahudumia wananchi wote kwa mkataba na serikali.

Mhandisi wa RUWASA, yenye dhamana ya maji vijijini tangu 2019, aje kupima chemchemi mwezi Oktoba, maji yakiwa yamepungua kabisa. Ukipima Machi utadanganyika. Chanzo kikiwa kwenye shamba la mtu au eneo la misheni, mwenye ardhi atie saini mbele ya halmashauri ya kijiji kabla jembe halijashikwa.

Kazi ifuate kalenda ya shamba. Ukiitisha watu Januari, unawatoa kwenye palizi. Julai hadi Oktoba, mavuno yakishaingia ndani, ndiyo miezi ya mtaro. Isiwe Jumamosi, Wasabato wapo, wala Ijumaa mchana. Vipande vigawiwe kwa kaya. Mkigawa kwa makanisa, wiki ya kwanza itanoga kwa mashindano, ya pili itakuwa lawama tupu. Kila kaya ipimiwe hatua zake, vigingi vipigwe, mwenyekiti wa kitongoji aandike jina. Wajane na wazee wasio na nguvu wasamehewe hadharani, ili asitokee wa kuwasema pembeni. Cha kunywa kiwe togwa. Najua ulanzi unavyopendwa Iringa, lakini walokole hawatakaa karibu nao, na ugomvi hauchelewi.

Fedha ndiyo inayovunja udugu haraka kuliko yote. Ule mnada wa nje ya kanisa baada ya ibada, jogoo aliyefungwa miguu, debe la mahindi, tenga la viazi, ni sadaka. Michango ya maji iwe na daftari lake, stakabadhi zake na akaunti yake. Watia saini wawe watatu, mmoja asiwe wa kanisa lenu, na mwanamke asikosekane. Mapato na matumizi yabandikwe ofisi ya kijiji na mlangoni pa kanisa, kila mwezi.

Wafadhili waje baadaye. Dayosisi ya Iringa ya KKKT ina udugu wa miaka mingi na Walutheri wa Minnesota, Marekani, unaoitwa Bega kwa Bega. Mkipata marafiki wa namna hiyo, waonyesheni mtaro uliochimbwa na daftari la michango, kisha waombeni mabomba. Mawe na mchanga mnavyo.

Maji yakishatoka, kabidhini mradi kwa chombo cha jamii cha watoa huduma ya maji. Wekeni bei ya ndoo tangu siku ya kwanza, hata kama ni ndogo. Kuanza bure halafu kutoza mwaka wa pili ni kutafuta vita. Fundisheni mafundi wawili wenye familia hapo kijijini, maana kijana asiye na shamba kesho yuko Mbeya mjini. Spana na vipuri vikae ofisi ya kijiji, si nyumbani kwa mchungaji. Mchungaji huhamishwa.