Apu Imekwama na Bando Unayo? Jua Kazi ya Seva ya Pili

Hebu fikiria uko sokoni Ikutha. Umeuza mbuzi wawili, mnunuzi anataka kulipa, lakini apu inazunguka tu. Bando anayo, mtandao uko. Sasa shida ni nini?

Mara nyingine shida ni DNS. Simu yako inajua jina la huduma, lakini kwenye intaneti kompyuta hutafutana kwa nambari. DNS ndiyo hubadilisha jina kuwa nambari. Seva ya DNS ikizima na iko peke yake, simu haitupati, hata kama mitambo yetu inafanya kazi na pesa zako ziko salama. Jirani yako anaweza kuingia bila shida kwa sababu mtandao wake bado unakumbuka jibu la awali.

Mbili, na zikae mbalimbali

Dawa ni kuwa na seva mbili au zaidi, kila moja mahali pake na kwenye mtandao wake. Tarehe 4 Oktoba 2021, Facebook, WhatsApp na Instagram zilipotea kwa takriban saa sita. Seva zao za DNS zilikuwa nyingi, lakini zote zilikatika na intaneti kwa wakati mmoja.

Orodha iwe moja

Duka lenye wauzaji wawili linaweza kukuchanganya. Bei ya ndengu imepanda asubuhi, mmoja ameambiwa, mwingine hajaambiwa. Seva nazo ni hivyo. Ukibadilisha nambari kwenye seva kuu, ile ya pili hubaki na orodha ya zamani mpaka zamu yake ya kuuliza ifike, pengine baada ya saa kadhaa. Ndiyo maana mwaka 1996 kukawekwa utaratibu unaoitwa NOTIFY: seva kuu inatuma taarifa papo hapo, na ya pili inakuja kuchukua orodha mpya.

Je, biashara yako ina tovuti?

Muulize anayekusimamia tovuti maswali haya:

1. Seva zetu za DNS ni ngapi, na ziko mitandao tofauti?
2. NOTIFY imewashwa?
3. Nambari ya toleo inaongezwa kila tukibadilisha kitu? Mfano, 2025031501 ni badiliko la kwanza la tarehe 15 Machi 2025. Isipoongezwa, seva ya pili itadhani hakuna jipya.
4. Ni seva yetu ya pili tu inayoruhusiwa kunakili orodha?
5. Seva zote zinatoa jibu moja?

Apu ikikwama leo

Tumia menyu ya kupiga nambari yenye nyota na alama ya reli. Haihitaji intaneti kwenye simu yako. Kabla ya kulipa mara ya pili, angalia salio na ujumbe, usije ukalipa mara mbili. Na akitokea mtu wa "kukusaidia" anayetaka PIN yako, mkatalie. DNS haitengenezwi kwa PIN ya mteja.