Jua la Kwetu na Jua la Kompyuta

Mhariri ameniomba niwaeleze ninyi wadogo zangu mnaosoma shule hii jinsi sisi tunaojifunza usanifu wa majengo huko Mbeya tunavyochora kwa kompyuta. Nitaeleza jambo moja tu, lile lililonitia aibu.

Programu tuzitumiazo sana ni AutoCAD, iliyotoka mwaka 1982, na SketchUp, iliyotoka mwaka 2000. Ya kwanza huchora mistari na vipimo, kazi ya rula na kalamu ya wino hapo zamani. Ya pili huisimamisha nyumba nzima mbele ya macho, ikakuonyesha na vivuli vyake kwa saa na mwezi uupendao. Hapo ndipo nilipopotea.

Mwezi wa Juni nilimchorea mama ramani ya nyumba yake Iringa. Baridi ya kipupwe huko si ya mchezo, basi madirisha makubwa ya sebule niliyaweka kusini, maana kompyuta ilionyesha jua la Juni likiingia upande huo. Kamba za msingi zilikwisha fungwa mjomba wangu, ambaye ni mwashi, aliponiuliza, "Mpwa wangu, hebu tazama juu. Jua liko wapi?"

Lilikuwa kaskazini.

Sababu ni hii. SketchUp ilitungwa Boulder, Colorado, Marekani, na kwa kuwa sikuiambia mahali nilipo, ilihesabu jua la Boulder. Mji huo uko digrii 40 kaskazini ya ikweta. Huko jua la adhuhuri huwa kusini mwaka mzima. Iringa iko karibu digrii 7¾ kusini, na Mbeya karibu 9. Kwetu jua la Juni hupita kaskazini, na la Desemba kusini kidogo. Sebule ya mama ingekosa jua miezi ya baridi, ikapokea upepo wa kusi. Kamba zilihamishwa jioni ile ile.

Jaribuni wenyewe. Tarehe 21 Juni simamisheni uwanjani fimbo ya mita 1, wima kabisa. Mbeya adhuhuri ya kweli ni karibu saa saba kasorobo, si saa sita. Jumlisheni digrii za mahali mlipo na 23½. Tanjenti ya jumla hiyo ni urefu wa kivuli kwa mita. Iringa mtapata karibu sentimita 61, Mbeya 63 au 64, nacho kitaelekea kusini. Desemba toeni badala ya kujumlisha, kisha tazameni kivuli kimegeukia wapi.