Kambi Isiyo na Ua

Upande wa kaskazini wa Tanzania iko nyika kubwa iitwayo Serengeti. Jina hili latokana na neno la Kimaasai lenye maana ya uwanda usio na mwisho, na kweli mtu asimamapo juu ya kilima cha Naabi, ambako liko lango moja la kuingilia, huona majani tu mpaka upeo wa macho. Nchi hii ilifanywa Hifadhi ya Taifa mwaka 1951, na eneo lake ni kilomita za mraba 14,763. Ndani yake watu hawalimi wala hawachungi ng'ombe. Wako wanyama, na walinzi wao, na wageni wanaokuja kutazama kisha wakarudi kwao.

Baadhi ya wageni hulala katika hoteli. Wengine hulala katika hema, na kwa ajili yao viko viwanja vya kambi. Vingi viko Seronera, katikati ya hifadhi, navyo vimepewa majina ya wanyama, kama vile Pimbi na Nyani. Katika kiwanja cha namna hii mna vyoo, mna banda la kupikia, na mna mahali palipo wazi pa kusimamisha hema. Kitu kimoja hamna, nacho ni ua. Hapana ukuta, wala seng'enge, wala boma la miiba. Fisi hupita usiku kati ya hema na hema, na simba hupita, na pengine tembo huja kuchuma majani ya mgunga ulio karibu na jiko.

Watu wengi hudhani kwamba kambi kama hiyo hulindwa na bunduki ya askari. Sivyo. Askari wako, lakini hawawezi kukaa mlangoni pa kila hema. Kambi hulindwa na utaratibu wa wenyewe wanaolala ndani yake, na utaratibu huo hupangwa nyumbani, siku nyingi kabla ya safari.

Na uchukuliwe mfano wa shule iliyo Karatu, yenye kutaka kupeleka wanafunzi 20. Wataongozwa na walimu wawili, pamoja na mpishi na dereva. Jumla yao ni watu 24. Watakaa siku tatu na kulala mara mbili.

Jambo la kwanza la kuamua ni majira. Kila mwanafunzi atataka kuwaona nyumbu, nao wamezidi milioni moja. Lakini nyumbu hawakai mahali pamoja. Tangu Januari hata Machi huwa katika nyanda za kusini, ambako majani ni mafupi na yenye madini mengi, kwa kuwa udongo wa huko ulitokana na majivu ya volkano za upande wa Ngorongoro. Huko ndiko wanakozalia, na ndama wengi huzaliwa katika majuma machache tu, hasa mwezi wa Februari. Mwezi wa Mei na Juni makundi huelekea magharibi, upande wa mto Grumeti. Tangu Julai hata Oktoba wengi huwa kaskazini, karibu na mto Mara, na mvua za vuli zianzapo hurudi tena kusini.

Basi mwenye kupenda ndama angechagua Februari. Walakini Februari ni wakati wa masomo, na baada yake huja masika, ambayo hugeuza udongo mweusi wa mbugani kuwa tope linaloshika magurudumu kama gundi. Kwa shule, likizo ya Juni ni bora. Masika yamekwisha na njia zimekauka. Nyumbu huenda wakawa mbali, lakini simba na chui wa Seronera hawahami pamoja nao, kwa sababu bonde la mto Seronera lina maji na mawindo mwaka mzima. Ubaya wa Juni ni baridi ya usiku. Kila mtoto na achukue blanketi mbili, moja ya kutandika na moja ya kujifunika. Maana anayelala chini hupata baridi zaidi kutoka katika ardhi kuliko kutoka hewani, jambo ambalo wengi hulijua wakiwa wamekwisha chelewa.

Jambo la pili ni vibali na ada. Njia itokayo Karatu hupita kwanza katika nchi ya Ngorongoro, ambayo ina mamlaka yake mbali na Hifadhi ya Serengeti, kwa hiyo hapana budi kuuliza ada za pande zote mbili. Raia wa Afrika Mashariki hulipa kidogo kuliko wageni wa nchi za mbali. Mwalimu aliye mwangalifu huuliza mapema na kuhakikisha nafasi ya kambi, asije akafika langoni na watoto 20 nyuma yake ndipo aanze kutafuta karatasi.

Kisha yaja maji, na hapa ndipo safari nyingi huharibika. Maji ya kunawa huenda yakapatikana kambini, bali ya kunywa na ya kupikia yafaa yachukuliwe kutoka nyumbani. Tuseme kila mtu atumie lita tano kwa siku. Watu 24, mara lita tano, mara siku tatu, ni lita 360. Dumu moja huchukua lita 20; basi yatakiwa madumu 18. Na kwa kuwa lita moja ya maji ina uzito wa kilo moja, gari litabeba kilo 360 za maji tu, kabla ya kupakia unga, hema na watoto wenyewe. Mtu asiyefanya hesabu hii nyumbani huja kuifanya jua likiwa utosini, madumu yakiwa matupu, na hapo huwa amekwisha pungukiwa.

Chakula nacho chataka fikira. Unga wa nusu kilo kwa mtu kwa siku ni kilo 36 kwa safari nzima. Maharage ni mazuri, lakini Seronera iko juu ya bahari kwa mita 1,500 hivi, na mahali pa juu namna hiyo maji huchemka yakiwa na joto la nyuzi 95 hivi, wala si 100 kama pwani. Kwa hiyo maharage hukawia kuiva na kumaliza gesi. Mpishi mwenye akili huyaloweka tangu usiku uliotangulia, au huchukua choroko, ambazo huiva upesi. Kuokota kuni hifadhini ni marufuku. Mti ulioanguka ni nyumba ya mijusi na wadudu, na ukioza hurudisha rutuba yake katika udongo. Kwa hiyo jiko la gesi na mtungi uliojaa ni sehemu ya mzigo.

Nguo pia zina sharti lake. Katika sehemu za Serengeti zenye miti wako ndorobo, ambao kwa jina jingine huitwa mbung'o. Inzi huyu huuma mchana, tena huuma kupitia nguo nyepesi, na baadhi yao huchukua vijidudu vya ugonjwa wa malale. Wageni wanaopata ugonjwa huo ni wachache sana, lakini wapo: mwaka 2001 watalii kadhaa waliokuwa wamezuru hifadhi za kaskazini mwa Tanzania waliugua. Ndorobo huvutwa na rangi ya buluu na nyeusi, hata mitego ya kuwakamata hushonwa kwa vitambaa vya rangi hizo. Basi sare ya shule iliyo ya buluu na ibaki nyumbani, na watoto wavae nguo nzito kidogo za rangi ya udongo. Usiku ndorobo hulala, na zamu hushikwa na mbu wa malaria. Kwa hiyo wavu wa mlango wa hema haufai kuachwa wazi hata kwa dakika moja. Mtoto apataye homa baada ya kurudi nyumbani na ampe mganga habari ya mahali alipokuwa, asije akatibiwa malaria peke yake ugonjwa ukiwa mwingine.

Siku ya safari ni vema kuondoka alfajiri. Njia hupanda msituni mpaka ukingo wa kasoko ya Ngorongoro. Juu ya ukingo huo liko kaburi la Michael Grzimek, Mjerumani aliyeruka na baba yake kwa ndege mwaka 1958 ili kuhesabu wanyama wa Serengeti. Katika hesabu yao walipata nyumbu 99,481. Mwezi wa Januari mwaka 1959 ndege yake iligongana na tai, ikaanguka, naye akafa akiwa na umri wa miaka 24. Baadaye maradhi ya sotoka yalipozuiwa kwa kuwachanja ng'ombe wa wafugaji, nyumbu nao waliacha kufa kwa sotoka, wakaongezeka hata kufikia idadi kubwa ya leo. Toka hapo njia hushuka uwandani na kupita karibu na Bonde la Oldupai, hata kufika Naabi.

Yafaa kufika kambini kabla ya saa kumi alasiri. Magari hayaruhusiwi kutembea hifadhini usiku, na katika nchi iliyo karibu na ikweta giza huingia upesi mara jua litwapo. Hema na zisimamishwe kungali mchana, karibu karibu, mbali kidogo na banda la kupikia. Kwanza hutazamwa ardhi: palipo na njia iliyokanyagwa na kwato, au mavi ya tembo yangali mabichi, si mahali pa kulala. Wala si vema kulala chini ya mti mkubwa ambamo nyani hulala, na sababu yake ataijua yeyote aliyewahi kupita chini ya mti wa namna hiyo asubuhi.

Amri iliyo kubwa kuliko zote ni hii, kwamba chakula kisiingie hemani. Si mkate, wala ndizi, wala karanga mfukoni. Fisi hunusa vizuri kupita mtu, naye hula hata ngozi, na viatu vilivyoachwa nje huweza kuchukuliwa usiku. Mchana nyani na tumbili hufanya kazi hiyohiyo kwa mikono yao. Ndiyo sababu banda la kupikia hutiwa wavu wa chuma, na chakula chote hufungiwa humo au garini, na sufuria huoshwa kabla ya watu kulala.

Watoto wengine huona kwamba kumrushia tumbili kipande cha andazi ni huruma. Na wafikiri itakayofuata. Tumbili aliyepewa leo, kesho huja mwenyewe. Na kesho kutwa, akinyimwa, hunyang'anya na kuuma. Fisi aliyezoea mabaki ya kambi huacha kuwaogopa watu. Mnyama akifika hapo, walinzi hulazimika kumfukuza kwa nguvu, na ikishindikana humpiga risasi, ili watu wasidhurike. Andazi lile lilitolewa na mtu mwingine kabisa, ambaye wakati huo yuko kwao na amekwisha sahau.

Usiku uingiapo, walimu huita majina, kila mmoja huenda chooni pamoja na wenzake, kisha hema hufungwa zipu mpaka asubuhi. Wenye uzoefu husema kwamba simba apitaye huliona hema lililofungwa kuwa kitu kimoja kikubwa, kama jabali, naye hupita zake. Mlango ulio wazi ni habari nyingine. Mtoto akishikwa na haja usiku asitoke peke yake. Na amwamshe mwenzake na kumwita mwalimu kwa sauti, kisha wafungue mlango kidogo na kuzungusha mwanga wa kurunzi pande zote. Nyuma ya jicho la fisi, la simba na hata la swala kuna utando unaorudisha nuru, kwa hiyo macho yao hung'aa gizani yakimulikwa. Yakionekana macho, hapana kutoka, hata mtu akidhani kuwa ni ya swala. Kwa sababu hiyo kila hema na liwe na ndoo yenye kifuniko. Hili si jambo la aibu. Ndoo ya shilingi chache ni nafuu kuliko hatua thelathini za gizani.

Sauti zitasikika. Mngurumo wa simba husafiri kilomita nyingi, na aliye mbali huweza kudhaniwa kuwa yuko karibu. Mtoto aliyeelezwa habari hii nyumbani huvuta blanketi na kusikiliza. Asiyeelezwa hupiga kelele na kukimbia nje, na huko nje ndiko kuliko na hatari.

Siku ya kuondoka, hema hukunjwa umande ukiisha kukauka. Taka zote hutiwa katika magunia na kurudishwa garini, hata vifuniko vya chupa na maganda ya machungwa. Wanafunzi husimama katika mstari mmoja na kuvuka kiwanja polepole toka upande huu hata upande wa pili, wakiokota kilichosalia. Madumu 18 hurudi yakiwa matupu, mwalimu huita majina 20, na gari huondoka.

MASWALI

1. Kwa nini shule iliyotajwa ilichagua mwezi wa Juni, ingawa ndama wa nyumbu huzaliwa Februari?
2. Watu wakiwa 30 na siku zikiwa nne, yatatakiwa madumu mangapi ya lita 20?
3. Eleza jinsi chanjo ya ng'ombe ilivyoongeza idadi ya nyumbu.
4. Mwenzako ameficha karanga ndani ya blanketi, na taa zimekwisha zimwa. Utafanya nini?