Faktori kwanza, pikipiki baadaye

Wewe mzazi wa Itebero mwenye mtoto wa hemofilia, unajua goti linavyovimba usiku, unajua na barabara ya Hombo mvua ikinyesha. Basi nianze na la haraka: mtoto akigonga kichwa, achomwe faktori kwanza, ndipo mtafute pikipiki ya kumpeleka hospitali kubwa. Msingoje kichwa kimuume au atapike.

Faktori ni protini inayosaidia damu kuganda: ya VIII kwa hemofilia A, ya IX kwa hemofilia B. Soma chupa, maana moja haishiki nafasi ya nyingine. Kila chupa ni ya thamani. Shirikisho la Dunia la Hemofilia, lililoanzishwa mwaka 1963, huzigawa bure kwa nchi zisizomudu bei yake.

Dawa hii hutunzwa kwenye nyuzi 2 hadi 8. Nyumbani hakuna friji, lakini kituo cha afya kina friji ya chanjo, na chanjo hukaa kwenye baridi hiyo hiyo. Mwombe muuguzi mkuu wa kituo nafasi ndogo, mwandike jina la mtoto. Chupa zisiguse barafu. Dawa ikiganda imeharibika.

Kipimo anakipanga daktari kwa uzito. Kwa faktori ya VIII, yuniti 1 kwa kila kilo hupandisha kiwango cha damuni kwa asilimia 2 hivi. Mtoto wa kilo 20 aliyevuja kwenye goti akitakiwa afike asilimia 40, ni yuniti 400. Chupa ikiwa ya 500, mpe yote. Ya IX hupandisha nusu ya hapo, asilimia 1 tu, na michomo yake ya mwanzo ifanyiwe hospitalini, kwani wapo wanaopata mzio mkali.

Nawa mikono. Acha chupa zipoteze ubaridi, mimina maji yake taratibu, zungusha chupa mkononi bila kuitikisa. Ikiwa na chembechembe, usiitumie. Ichomwe kwenye mshipa wa damu, polepole, ndani ya saa 3 tangu kuchanganywa, kisha bonyeza hapo dakika 5. Andika daftarini tarehe, yuniti na namba ya chupa. Dawa iliyokuwa ikisaidia ikiacha kusaidia, huenda mwili umeanza kuipinga: daktari aambiwe upesi.

Mtoto akisema goti linamtekenya au lina joto, mwamini, usingoje livimbe.

Kwa maumivu mpe parasetamoli. Aspirini na ibuprofeni hapana, na ile sindano ya diklofenaki ya matakoni ikatae kabisa, hata akiishika mtu unayemheshimu. Kuchanjwa kwa wembe pia hapana, wala kutahiriwa kabla daktari hajaandaa faktori.

Nenda leo ukaongee na muuguzi habari ya friji, mtoto angali mzima.