Wazee Wetu, Vidonge na Tembo

Tusikiapo jina la UKIMWI, wengi wetu twafikiri habari za vijana. Twasahau ya kuwa waliokuwa vijana mwaka 1983, ugonjwa huu ulipotambuliwa mara ya kwanza nchini mwetu huko Kagera, leo ni wazee. Dawa za kufubaza virusi zilianza kutolewa bure na Serikali mwaka 2004, na waliozipata kwa wakati wameota mvi. Mwili umesaidiwa. Na moyo je?

Tutazame kisiwa cha Mafia, mkabala wa milango ya mto Rufiji. Huko mnazi ni mali, na mgema hupanda asubuhi na jioni. Tembo la asubuhi ni tamu. Likikaa hata jioni huwa kali, nalo halingoji mashua kutoka Nyamisati. Mzee aliyemzika mkewe na ndugu zake kabla dawa hazijafika, akalea wajukuu yatima, tena ana siri asiyothubutu kuitaja mahali ambapo watu wote wajuana, haendi mbali kutafuta cha kumsahaulisha. Sisi twasema, "Amekuwa mlevi," kisha twapita. Hatuulizi alianza lini, wala baada ya msiba gani.

Pana kosa moja tunalotaka kulieleza kwa urefu, kwani laua watu. Wengi huamini ya kuwa kidonge na pombe havikai tumbo moja. Basi siku ya tembo mzee huacha kidonge, na jamaa humwunga mkono wakidhani wamemlinda. Sivyo hata kidogo. Dawa hizi sharti zimezwe kila siku. Zikirukwarukwa, virusi huamka tena na vyaweza kuwa sugu. Siku ya tembo pia, kidonge kimezwe kwa saa yake. Hatusemi haya kwa kuisifu pombe: huharibu ini, humwangusha mzee njiani, humsahaulisha hata hiyo saa ya dawa, na huzuni aliyotaka kuizamisha huizidisha. Akiwa anatumia isoniazidi, dawa ya kukinga kifua kikuu, hatari ya ini ni kubwa zaidi. Amweleze mganga waziwazi kiasi anachokunywa.

Wengine humfungia mzee ndani asionje tena. Nia ni njema, njia ni mbaya. Mwili uliozoea pombe nyingi kwa miaka, ukinyimwa ghafula, waweza kutetemeka, kuchanganyikiwa, hata kushikwa na degedege. Apelekwe hospitali, kama ile ya wilaya pale Kilindoni, aachishwe chini ya macho ya waganga.

Huko Zimbabwe, tangu mwaka 2006, Daktari Dixon Chibanda amewafundisha mabibi wa mitaani kuketi na wagonjwa kwenye benchi na kuwasikiliza. Maradhi yenyewe watu wa huko huyaita kufungisisa, yaani kuwaza kupita kiasi. Nasi twasema mtu "ana mawazo". Uchunguzi uliotangazwa mwaka 2016 ulionyesha ya kuwa walioketi na mabibi hao walipata nafuu kuliko waliopewa matunzo ya kawaida. Benchi twaweza kulipata popote, mabibi tunao.

Nyumbani, msianze na habari ya tembo, maana mzee ataona amekwisha kuhukumiwa. Mwamkieni, kisha ulizeni usingizi: "Babu, usiku ulilala?" Halafu hamu ya chakula, halafu kama maisha yamemchosha. Akisema atamani kufa, asiachwe peke yake, na siku ile ile apelekwe hospitali. Vidonge vihesabiwe pamoja naye, si nyuma ya mgongo wake. Tena aambiwe mapema ya kuwa sheria ya mwaka 2008 yamkataza mhudumu wa kliniki kuitoa siri ya mgonjwa, kwani wengi hunyamaza wakidhani habari zao zitafika sokoni kabla wao hawajafika nyumbani.